Kuchemsha Hakuondoi Sumu: Maziwa, Jibini na Bakteria Sugu

Somo la kuchemsha maziwa limeeleweka kwa wafugaji wengi wa Rungwe, Mufindi na Njombe, na ni somo jema, maana moto huua vimelea vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Lakini yupo bakteria ambaye ukishamuua kwa moto, maziwa bado yanaweza kumtapisha mnywaji. Huyo ni stafilokokasi. Anaishi puani mwa takribani mtu 1 kati ya 3, kwenye majipu na vidonda vyenye usaha, na ndani ya kiwele cha ng'ombe mgonjwa.

Katika maziwa ya vuguvugu bakteria huyu huzaana haraka. Akifikia kama 100,000 kwa kila mililita, huwa ameshatoa sumu ya kutosha kumwangusha mtu mzima. Sumu hiyo huhimili kuchemka kwa nusu saa na zaidi, na huku kwetu nyanda za juu maji huchemka hata kabla ya kufika nyuzi 100. Mwaka 2000 watu zaidi ya 13,000 waliugua Osaka na maeneo jirani nchini Japani. Umeme ulikuwa umekatika kwa saa chache kiwandani, kisiwani Hokkaido, maziwa yakakaa na joto, kisha yakapashwa moto na kukaushwa kuwa unga. Bakteria walikufa, sumu ikasafiri na unga hadi kwenye maziwa yaliyonywewa Osaka.

Kwa hiyo kinachookoa maziwa ni ubaridi wa mapema, na hapa baridi ya Tukuyu au Makete inadanganya watu. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na nyuzi 37 hadi 38. Ndoo ya lita 20 iliyofunikwa na kuachwa jikoni hupoa juu na pembeni, huku katikati ikibaki vuguvugu kwa saa nyingi, hata kama nje kuna umande wa kuganda. Hewa haichukui joto upesi; maji huchukua. Simamisha kopo la alumini kwenye karo la maji ya chemchemi, maji yafike usawa wa maziwa, koroga kwa mwiko safi kila baada ya dakika 10, na badilisha maji yakishapata joto. Mwenye jokofu, lengo ni nyuzi 4 ndani ya saa 2. Pasipo jokofu, yafikishe kituo cha kukusanyia ndani ya muda huohuo. Maziwa ya jioni yasisubiri bodaboda wa asubuhi, na yasichanganywe na ya asubuhi yakiwa ya moto. Madumu ya plastiki yaliyochubuka ndani tuyaache: michubuko ile huficha mabaki ambayo brashi haiyafikii.

Chanzo kikubwa kingine ni mkono wa mkamuaji. Kuchovya vidole kwenye maziwa ili chuchu iteleze, au kufuta viwele vyote kwa kitambaa kimoja, ni kuhamisha ugonjwa kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Mwenye jipu au kidonda kidoleni asikamue. Michirizi ya kwanza ikamuliwe kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi: vibonge au majimaji vikionekana, ng'ombe huyo akamuliwe mwisho na maziwa yake yamwagwe shimoni. Ukimaliza kukamua, chovya kila chuchu kwenye dawa ya madini joto.

Usugu wa dawa ni jambo tofauti na sumu, ingawa huweza kukutwa pamoja kwa bakteria mmoja. Usugu hauongezi ukali wa sumu, ila hufanya ugonjwa wa kiwele usipone, na bakteria huyo akiingia kwenye jeraha la mtu, tiba huwa ngumu. Stafilokokasi wengi hutengeneza kimeng'enya kinachovunja penisilini. Mfugaji anayeingiza mrija mmoja wa dawa kwenye chuchu, akaona vibonge vimekwisha na kuacha, ameua dhaifu na kubakiza sugu. Maliza dozi aliyoandika daktari wa mifugo, na usiuze maziwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe.

Mtengeneza jibini ana sababu ya ziada ya kuliheshimu sharti hilo. Jibini hukaa nyuzi 30 hadi 35 kwa saa kadhaa, joto ambalo stafilokokasi analipenda, na ulinzi mkuu saa hizo ni vimelea vizuri vya kugandishia, vinavyotia uchachu haraka. Maziwa yenye mabaki ya antibiotiki huua vimelea hivyo vizuri, huku bakteria sugu wakiendelea kuzaana bila mpinzani. Tena lita 10 za maziwa hutoa kama kilo 1 ya jibini, kwa hiyo bakteria hukusanyika. Pasha maziwa nyuzi 63 kwa dakika 30 kabla ya kuanza, na pima uchachu: pH isiposhuka chini ya 5.4 baada ya saa 8, jibini hilo lisiuzwe.

Aliyekula sumu hii huanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 6, tumbo likisokota, mara nyingi bila homa. Antibiotiki hazimsaidii. Mpe ORS, pakiti 1 kwa lita 1 ya maji salama, kidogo kidogo, na mtoto, mzee au mjamzito anayezidi kulegea apelekwe kituo cha afya. Mabaki ya jibini yawekwe kwenye friji, yakabidhiwe kwa afisa afya, naye aombe maabara ipime sumu yenyewe: katika jibini lililokaa miezi, bakteria wanaweza kuwa wameshakufa na kipimo chao kikaonyesha jibini ni safi.