Je, maswali ya kanuni kwenye LSAT yanahitaji kujua sheria?

Wengi wanaojiandaa kwa LSAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria Marekani na Kanada, huamini kwamba maswali ya kanuni, yaani yale yanayotoa kanuni ya jumla na kisa cha kuitumia, hupima ujuzi wa sheria, au hutaka jibu lenye haki zaidi. Dhana hiyo inaeleweka, maana maswali yenyewe huzungumzia wajibu, ahadi na lawama.

Kinachopimwa ni iwapo kanuni iliyoandikwa inafikisha kwenye hitimisho. Tuseme kanuni ni hii: "Aliyeahidi kwa hiari, na mwenzake akaitegemea ahadi hiyo, lazima aitimize." Asha aliahidi kwa hiari kumpa Juma lifti, naye Juma, kwa kumtegemea, akaacha kukata tiketi ya basi. Asha anawajibika. Hamisi je, ambaye hakuahidi chochote? Hapa ndipo wengi huteleza, na ndipo pa kufanyia mazoezi zaidi. Kanuni haisemi lolote kuhusu asiyeahidi, kwa hiyo jibu la "hana wajibu" halithibitiki, hata likionekana la busara kiasi gani.

Hakikisha mwenyewe kwa mitihani iliyopita iliyotolewa kwa umma: pigia mstari kila sharti la kanuni, kisha litafute ndani ya kisa kabla ya kusoma majibu.