Kwotabeki wa Jumatatu Asubuhi Hajuti

Nimeletewa tena tafsiri niisahihishe, na kwa mara nyingine msemo wa Wamarekani, “Monday morning quarterback”, yaani kwotabeki (kiongozi wa mashambulizi katika mpira wa Kimarekani) wa Jumatatu asubuhi, umegeuzwa kuwa “majuto ni mjukuu”. Safari hii ni maelezo ya kesi ya kidaktari. Wakili wa utetezi anasema shahidi wa upande wa pili ni kwotabeki wa Jumatatu. Kwa Kiswahili shahidi huyo amekuwa mtu anayejuta. Anajutia nini, na siku ya upasuaji hakuwepo hata hospitalini? Mfasiri wake anakijua Kiingereza vizuri. Nilipomuuliza, alinijibu wanavyonijibu wote: si yote mawili ni maneno ya baada ya jambo kutokea?

Ndiyo, lakini angalia nani anasema. Anayejuta ni mtendaji mwenyewe. Alipuuza, likamfika, sasa linamuuma. Ndiyo maana wazee wakasema ningelijua huja nyuma. Kwotabeki wa Jumatatu hakutenda lolote wala hakupoteza kitu. Amesubiri matokeo yajulikane, ndipo anaeleza kwa uhakika mwenzake alipaswa kufanya nini.

Chukua Super Bowl, fainali ya mpira huo wa Kimarekani, ya Jumapili, tarehe 1 Februari 2015. Seattle Seahawks wako nyuma 28–24 dhidi ya New England Patriots. Wamebakiza yadi moja kufika mstari wa kufungia, na muda uliobaki haufiki nusu dakika. Wengi wanatarajia mpira apewe Marshawn Lynch, mkimbiaji mwenye nguvu za ajabu, apenye nao. Benchi la kocha Pete Carroll likachagua pasi. Kwotabeki wao, Russell Wilson, akarusha, Malcolm Butler wa Patriots akaunasa, na ubingwa ukaenda zake.

Kesho yake watu wakauita uamuzi ule wa kijinga kuliko wote. Lakini msimu ule wote, hadi sekunde ile, hakuna pasi iliyorushwa kutoka yadi ya mwisho iliyokuwa imenaswa. Tena pasi isiyodakwa husimamisha saa, ilhali mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja saa huendelea kukimbia. Hesabu hizo Carroll aliweza kuzijua kabla ya pasi kurushwa. Waliomlaumu Jumatatu walikuwa na kitu kimoja ambacho yeye hakuweza kuwa nacho: matokeo. Carroll akiumia moyoni, hayo ni majuto. Shabiki anayemfundisha kazi kesho yake ndiye kwotabeki wa Jumatatu. Hao ni watu wawili, na ninawaomba wafasiri wawaache wabaki wawili.

Wengine huandika “beki wa Jumatatu”. Hapana! Beki wetu wa soka hulinda goli. Kwotabeki huongoza mashambulizi: hupokea mpira, na ndani ya sekunde chache huamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao. Msemo umemchagua yeye kwa sababu ya uzito wa uamuzi huo.

Wala Jumatatu haitokani na mechi za Jumatatu usiku za televisheni. Hizo zilianza 1970, na msemo ulikuwa ukitumika tangu miaka ya 1930; mara nyingi huhusishwa na Barry Wood, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mechi huchezwa mwisho wa wiki, watu wakirudi kazini lawama zinaanza.

Na si kweli kwamba msemo huu unakataza kukosoa jambo lililopita. Madaktari hukaa wakachambua kifo cha mgonjwa, na wanapaswa kufanya hivyo. Swali lao ni aliyekuwa zamu alijua nini saa ile. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishika msimamo kama huo mwaka 1989, katika kesi ya Graham dhidi ya Connor: nguvu aliyotumia polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale, si kwa macho ya aliyekwisha kujua mwisho.

Mimi huandika “kocha wa baada ya mechi”. “Kocha wa jukwaani” inakaribia, ila huyo hupiga kelele mpira ukiendelea, hajui utaishaje, na bado anaweza kuumbuka. Na kama matini ni ya hospitali au mahakama, mpira uache kabisa. Andika “analaumu kwa kuwa ameshajua mwisho wake”, na hakimu ataelewa.