Ozoni ya chini: inayosemwa na iliyopo

Ozoni ya stratosfera, tabaka la juu la angahewa, hutukinga na miale mikali ya jua. Hii ya chini ni gesi ileile, atomi 3 za oksijeni, ila iko puani mwetu. Wala haipandi kwenda kuziba tundu la ozoni la juu: huisha ndani ya wiki chache. Haya hapa yanayosemwa juu yake, na ukweli wake.

"Inatoka kwenye ekzosi." Hakuna ekzosi inayotoa ozoni, hupikwa hewani. Magari hutoa oksidi za naitrojeni. Mvuke wa petroli, tina ya rangi na moshi wa kuni huongeza gesi zenye kaboni, malighafi ya pili. Jua huvunja naitrojeni dioksidi, mojawapo ya oksidi hizo, atomi ya oksijeni ikachomoka na kushikana na oksijeni ya kawaida. Ndiyo maana kilele chake ni alasiri. Anayekimbia mazoezi, bora akimbie asubuhi. Barakoa ya kitambaa haichuji gesi.

"Shambani hewa ni safi." Mara nyingi ni kinyume. Naitriki oksidi inayotoka kwenye injini huila ozoni palepale, kwa hiyo kando ya barabara yenye foleni kipimo kinaweza kuwa chini kuliko vijijini, kule upepo unakoelekea. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani, miji mingi ilipungukiwa naitrojeni dioksidi huku ozoni ikipanda. Kwetu ongeza moto wa nyika na miombo wakati wa kiangazi.

"Madoa ya majani ni ugonjwa tu." Si lazima. Ozoni huingia kupitia vitundu vya jani na kuunguza seli. Tazama majani makuukuu kwanza: vidoadoa vya hudhurungi upande wa juu, kati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani. Kutu huacha unga kidoleni; utitiri huacha utando chini ya jani. Maharage, soya na ngano huumia kuliko mahindi. Na ajabu ni hii: shamba lililomwagiliwa vizuri huumia zaidi, maana jani lenye kiu hufunga vitundu.

"Haihusiani na tabianchi." Kati ya gesi joto zinazoongezwa na binadamu, ni ya tatu kwa kupasha dunia joto, nyuma ya kaboni dioksidi na methani, na jani lililoungua hufyonza kaboni kidogo. Methani yenyewe ni malighafi ya ozoni, hivyo kuziba gesi ya dampo hupunguza zote mbili.

"Basi tupande miti yoyote." Mikaratusi hutoa isoprini, gesi yenye kaboni, kwa wingi, nayo ni malighafi nyingine ya ozoni. Lakini bila oksidi za naitrojeni haipiki ozoni. Msikate miti mkaacha malori.