Je, wajua kwa nini tembo la mnazi la Tacloban ni jekundu?

Kando ya barabara za Tacloban, mji mkuu wa jimbo la Leyte huko Ufilipino, kuna vibanda vinavyouza kinywaji cha rangi ya damu ya mzee. Kimejazwa kwenye madumu na magudulia ya kioo hadi shingoni. Wenyeji wanakiita tuba, nacho ni tembo la mnazi. Aliyekulia Pwani yetu hushangaa, kwa sababu tembo analolijua ni jeupe kama maji ya mchele.

Nilipoona picha za magudulia hayo kwa mara ya kwanza, nilikata shauri kuwa ni rangi ya dukani, imetiwa ili tembo lifanane na mvinyo wa zabibu. Nilikosea, na dhana hiyo ina ndugu zake wawili wanaosikika sana: kwamba minazi ya huko ni ya aina nyingine, na kwamba wekundu ni dalili ya ukali.

Tuanze na mnazi. Ni ule ule wa Tanga na Kilifi. Utomvu wake hudondoka ukiwa mweupe na mtamu, na katika sehemu nyingi za kisiwa cha Luzon huachwa hivyo hivyo. Mnazi ungekuwa chanzo cha rangi, tuba ingekuwa nyekundu nchi nzima. Ukali nao hutokana na hamira ya asili inayokula sukari ya utomvu na kutoa kileo. Kinachotia wekundu hakiongezi sukari ya maana, kwa hiyo tembo jeupe lililolala siku nzima laweza kulishinda jekundu la asubuhi hii. Na kama ni pambo la kuvutia wateja, lingetiwa pale mezani. Mgema wa Leyte, anayeitwa mananguete, mara nyingi hulitia mapema zaidi, ndani ya chombo cha mwanzi kiitwacho kawit, kabla hata hajakitundika kwenye karara alilolikata ncha.

Anachotia ni gome la mti lililokaushwa na kusagwa, nao huliita barok. Kwetu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kule, mgema stadi hulitia gome, na ndiyo sababu husifiwa.

Gome hilo lina tanini nyingi. Tanini unazijua hata kama hujawahi kusikia jina lake. Ukitafuna ndizi mbichi au bibo ambalo halijaiva vizuri, ulimi hukauka na kukwaruza kana kwamba umeufuta kwa kitambaa. Mdomo haujaishiwa mate. Tanini zimeshika protini zilizomo ndani ya mate, zile zinazoyafanya yateleze, zikazifunga pamoja. Mtengeneza ngozi hutegemea mshiko huo huo: ngozi mbichi ikilowekwa katika maji ya gome, tanini hushikana na protini zake, na bakteria wa kuozesha hawapati tena pa kuanzia. Wavuvi waliokuwa wakiloweka nyavu za pamba katika maji ya magome walikuwa na shabaha hiyo hiyo.

Sasa rudi kwenye kawit. Utomvu wa mnazi ni karamu ya wazi, na wageni huwasili kwa zamu. Hamira hutangulia, na kwa saa chache tu tembo huanza kutoa povu. Nyuma yake huja bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki. Tembo likiachwa bila ulinzi, baada ya siku chache limekuwa siki ya kupikia, ambayo ni kitu kizuri ila si ulichokusudia kunywa. Tanini huwabana wageni hawa kwa kushika protini wanazozihitaji kufanya kazi, na wakati huo huo hukusanya machicha na kuyatuamisha chini. Wekundu ni alama tu iliyobaki baada ya kazi hiyo.

Hata hivyo, gome hupunguza kasi, halifungi mlango. Bakteria wa siki wanahitaji hewa. Ndiyo maana wanaolilaza tembo hulichuja mara kwa mara kuacha machicha, kisha hujaza gudulia hadi mdomoni kabisa na kuliziba. Likikaa wiki au miezi huitwa bahal. Likifika mwaka na kuendelea ni bahalina, jeusi-jekundu, lenye ukakasi wa chai iliyokolea. Tembo la mnazi la kulala mwaka mzima! Kwetu hata kesho kutwa ni mbali.

Kilichonigusa zaidi ni mti wenyewe. Ufilipino wanauita tangal au tungog, na jina lake la kisayansi ni Ceriops tagal. Huo ni mkandaa wetu, mmoja wa miti ya mikoko, uleule wa Lamu na delta ya Rufiji. Sisi tumeujua kwa majengo na kwa magome ya kutengenezea ngozi, yaliyowahi hata kusafirishwa kuuzwa ng'ambo.

Desturi ya gome ina umri gani? Antonio Pigafetta, aliyesafiri na nahodha Magellan, alifika visiwa vya jirani na Leyte mwezi Machi 1521 na kueleza tembo linalokingwa kwa mianzi minene, akilifananisha na maji meupe ya zabibu. Lakini hilo halithibitishi kwamba gome lilikuwa bado, maana likitoka mtini kila tembo ni jeupe.

Siku hizi barok ina bei yake nyingine. Kumenya gome kunaweza kuua mkandaa, na sheria ya Ufilipino ya 1991 inapiga marufuku kukata mikoko.

Ugemaji wenyewe ulivuka bahari. Mabaharia Wafilipino wa merikebu za Manila, zilizokwenda Acapulco kuanzia 1565 hadi 1815, waliupeleka pwani ya Meksiko. Mjini Colima tuba bado inauzwa mitaani kwa jina hilo hilo, mbichi na tamu, mara nyingi karanga zikielea juu. Hunywewa siku hiyo hiyo, kwa hiyo haina haja ya gome.