Rubani, Ukunguni Tuite Mapema

Ukungu unapoanza kushuka asubuhi, malalamiko nayo hutuongezekea sisi waongoza ndege tulio mnarani. Abiria huuliza kwa nini ndege yao inazungushwa angani ilhali uwanja wanauona kabisa. Mnauona kwa sababu mnatazama wima kwenda chini, na ukungu wenyewe ni tabaka jembamba. Rubani anayekuja kutua hutazama mbele kwa mshazari, na njia hiyo ya jicho lake inapita katika ukungu mwingi zaidi. Kwa mfumo wa kawaida wa kutua kwa vyombo, yaani kwa kufuata vipimo vya ndani ya ndege, akifika futi 200 juu ya njia ya kutulia ndege bila kuziona taa, hana hiari, atapaa tena. Tafadhali msiwapigie kelele wahudumu.

Ninaotaka hasa wanisikie ni marubani wa ndege ndogo, wale wenye leseni ya kuruka kwa macho tu, yaani kwa kutazama nje. Wengi wao huingia mawinguni wakanyamaza. Wanaogopa kwamba wakiomba msaada, mnara utawanyang'anya leseni. Mwongoza ndege hana mamlaka ya kumnyang'anya mtu leseni, na tumelieleza hili mara nyingi. Siahidi kwamba hutaulizwa chochote baadaye; huenda ukatakiwa kuandika taarifa, na mamlaka husika inaweza kuchunguza ulivyofika mawinguni. Lakini kanuni za usafiri wa anga zinamruhusu rubani aliye hatarini kukiuka utaratibu kadiri usalama unavyolazimu. Maswali hayo ni ya aliyetua.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo. Wote walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani wa sekunde 178 tangu waache kuona nje. Chanzo ni sikio la ndani. Ndege ikizunguka polepole kwa muda, maji ya sikioni hutulia, na rubani huhisi amenyooka ilhali bawa moja limelala. Akijaribu kujirekebisha kwa hisia, huharibu zaidi.

Ndiyo maana tunauliza: una sifa ya kuruka kwa vyombo? Mko wangapi? Kila jibu linabadilisha msaada tutakaokupa. Asiye na sifa hiyo hatumwagizi ageuke na kushuka kwa wakati mmoja. Tunajitahidi pia kutomhamisha masafa ya redio, kwa kuwa kuinamisha kichwa kutafuta kitufe kunatosha kumpa kizunguzungu. Dira ikiharibika, mwenye rada atakuambia "geuka kushoto sasa", kisha "acha kugeuka". Palipo na rada maalumu ya kuongozea ndege inayotua, mwongoza ndege huongea mfululizo hadi karibu na njia, na rubani huagizwa asijibu. Kimya cha zaidi ya sekunde tano hapo huhesabiwa kuwa mawasiliano yamekatika. Usukani, hata hivyo, unabaki mkononi mwako. Hakuna mwongoza ndege anayeweza kuitua ndege yako akiwa mnarani.

Utaratibu ni huu, na tunaomba ufuatwe. Tamka "Mayday" mara tatu. Kama hali inahitaji msaada wa haraka lakini bado haijawa ya kufa na kupona, tamka "Pan-pan" mara tatu. Taja unayemwita, namba ya ndege, tatizo, unachokusudia, mahali ulipo, kimo na mwelekeo. Baki kwenye masafa unayotumia. Kama huna mtu wa kuzungumza naye, nenda 121.5 megahezi. Transponda, kifaa kinachoijibu rada kwa namba, iweke 7700. Redio ikikatika, 7600. Msichanganye na 7500, ambayo ni ya ndege iliyotekwa na itakuletea walinzi wenye silaha. Kutoa wito wa uongo wa dharura ni kosa la jinai katika nchi nyingi, kwa faini au kifungo, na watoto wasiachiwe redio hizi kuchezea. Anayetuita kwa hofu ya kweli, kisha mawingu yakafunguka, hajatoa wito wa uongo. Atufahamishe tu kwamba hali imetulia.

Tukikuuliza mafuta, jibu kwa dakika, usijibu kwa lita. Mnarani hatujui injini yako inakula kiasi gani, na dakika ndizo zinazotuambia tukupeleke uwanja upi.