Kijana anayeuliza si mjeuri

Likizo ya Juni inakaribia, na maafisa ustawi wa jamii mkoani Lindi tunapokea tena wazazi wanaotaka kijana wao "aonywe". Ukiuliza kosa, unaambiwa anahoji sana: kwa nini aende jandoni, kwa nini yeye ni Mmwera ilhali babu mzaa mama ni Myao.

Huo si ujeuri. Katika umri wa miaka 13 hadi 17 mtoto huanza kupima yale aliyokuwa akiyapokea tu, na hapo ndipo anapojitafuta yeye ni nani. Akinyamazishwa nyumbani ataulizia kijiweni.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Anayekiuka, kwa kifungu cha 14, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Tafadhali tuelewane: kumsikiliza si kumwachia aamue kila kitu. Wanaosema "haki za mtoto zimeharibu watoto" hawajakisoma kifungu hicho.

Mjibuni kwa mambo ya kwao. Mwelezeni habari za mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wa kale wa hapa Lindi, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913. Waliofanya kazi ya kuchimba na kuibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi ni watu wa huku. Leo mmoja amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Kijana atauliza mbona yuko kule. Swali zuri hilo, msimkatize. Msipojua jibu semeni hatujui, kisha mwende naye kwa mwalimu wa historia au kwa mzee wa ukoo.

Jando na unyago hatuvipingi. Tunachokataa ni mtoto kutolewa darasani kwa ajili ya ngoma, na binti kurudi akiamini ameshakuwa wa kuolewa. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Mkishindwana nyumbani, anzeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Njooni na kijana mwenyewe. Tutamsikiliza peke yake, kisha mzazi, kisha wote pamoja. Penye kipigo au ukatili msingoje hatua hizo: nendeni dawati la jinsia na watoto polisi, au pigeni 116 bila malipo.