Nakala rudufu na urejeshaji wa seva baada ya maafa: maana yake kwa biashara ndogo

Nakala rudufu ni nakala ya pili ya data, iliyowekwa mbali na ya kwanza ili ya kwanza ikipotea kazi isipotee nayo. Urejeshaji baada ya maafa ni jambo pana zaidi: ni mpango mzima wa kuirudisha kazini seva, yaani kompyuta inayotunza data ya biashara, unaoeleza nani atafanya nini, kwa kifaa kipi na kwa muda gani. Baadhi ya wafasiri wa programu huiita nakala hiyo chelezo, nami nalipenda neno hilo, kwa sababu kwa mvuvi wa Lamu chelezo ni kile kieleacho juu ya maji kikionyesha wavu ulipo. Kikikatika kamba bado huelea, ila hakimrudishi mtu kwenye wavu wake.

Tuchukue nyumba ya wageni mtaani Mkomani, mjini Lamu, yenye seva moja inayotunza orodha ya wageni, hesabu za jikoni na kumbukumbu za kodi, ambazo sheria ya Kenya inataka zihifadhiwe kwa miaka 5. Hewa ya chumvi hula vyuma vya ndani ya kompyuta, umeme hukatika na kurudi ghafla, mfanyakazi hufuta faili asiyoikusudia, na zipo programu hasidi zinazofunga faili zote na kudai fedha, kama WannaCry ilivyofanya Mei 2017. Wengi hudhani wamejikinga kwa kuweka diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja ndani ya seva ileile. Diski pacha husaidia moja inapokufa. Lakini faili ikifutwa, hufutwa kwenye zote mbili papo hapo, kwa hiyo hizo si nakala rudufu.

Kanuni inayofuatwa sana ni ya 3-2-1: nakala 3 ukihesabu ya asili, katika aina 2 za vifaa, na 1 kati yake iwe mahali pengine kabisa. Sharti hilo la mwisho ndilo hupuuzwa. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wateja ambao nakala zao zilikuwa papo hapo walizipoteza pamoja na data ya asili. Katika mji wa Lamu, ambako nyumba zimegusana na vichochoro havipitishi gari la zimamoto, kuhamishia diski nyumba ya jirani hakutoshi. Heri ivuke maji hadi Mokowe au ikae Malindi.

Mwenye biashara ana maswali mawili ya kujibu kabla ya kununua chochote. La kwanza ni kazi ya saa ngapi anaweza kuipoteza: nakala ikichukuliwa saa nne usiku na seva ikafa saa kumi alasiri ya kesho yake, saa 18 za kazi zimekwenda. La pili ni muda gani anaweza kukaa bila huduma. Hapa hifadhi ya mtandaoni huwadanganya wengi, kwani kupakua gigabaiti 400 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua karibu siku nne, iwapo intaneti haikatiki. Diski iliyoko Mokowe hufika kwa boti siku hiyohiyo, na ndiyo maana mimi hushauri kuwa na vyote viwili.

Kisha nakala ijaribiwe. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengeneza programu kazi zao mtandaoni, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata kuu, ikagundulika kwamba kati ya njia 5 walizozitegemea hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa 6 kabla kwa shughuli nyingine. Kila baada ya miezi mitatu, chukua kompyuta nyingine, rejesha nakala yote, fungua rekodi ya mgeni wa mwisho kuingia, na uandike ilichukua saa ngapi.

Diski inayosafiri na majina na namba za pasipoti za wageni inaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, basi ifungwe kwa nenosiri na yaliyomo yasimbwe, yaani yageuzwe yasisomeke bila nenosiri hilo. Nenosiri hilo liandikwe kwenye karatasi, nalo likae kwa watu wawili wanaoaminika, wala lisihifadhiwe ndani ya seva.